Mkebe wa Njahi

Mwaka jana, kabla ya Krismasi, nilijifunza kuachilia vitu. Nilijifunza kwa siku tatu tu, kwenye mafungo ya akina mama wa parokia yetu hapa Bungoma, nikarudi nyumbani nikiwa mtu wa kuudhi sana. Mume wangu anaweza kushuhudia.

Sista aliyetuongoza alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, ukitaka kumsikia ilibidi unyamaze. Alituambia kwamba kabla ya kuamua jambo lolote, kubwa au dogo, mtu akae kwanza auulize moyo wake umeegemea wapi. Ukiona umeng'ang'ania upande mmoja, ngoja. Omba mpaka uweze kusema bila kujidanganya kwamba nikipata sawa, nikikosa sawa. Hapo ndipo uchague. Kisha akatuambia tunyooshe mikono, viganja vikiangalia juu, tukae hivyo robo saa. Kila kitu mnachopenda kishikeni namna hiyo, alisema. Kikiwekwa kikae, kikiondolewa kiende. Karibu sisi wote tulilia. Mimi nililia nikiwa najiangalia ninavyolia vizuri.

Sina ubaya na mafundisho yale. Mpaka leo naamini ni ya kweli. Ubaya ni wangu, na ndio ninaotaka kuueleza, kwa sababu nimeuungama kwa padri mara mbili na bado uko pale pale.

Nilianza na sukari kwenye chai. Nikaachilia. Nikaachilia kiti changu cha karibu na dirisha katika ofisi ya walimu, nikamwachia mwalimu mgeni, na nikahakikisha kila mtu ameona. Nikaachilia kile kipindi cha televisheni cha saa moja na nusu. Nilikuwa nikisimama sokoni mbele ya mafungu ya nyanya, macho nimeyafumba kidogo, nikiuliza moyo wangu kama umeegemea fungu la kulia au la kushoto, na mama muuzaji akidhani nina kizunguzungu.

"Mama watoto, hata nyanya inataka maombi?" mume wangu aliniuliza siku moja tukiwa pamoja. Yeye ni mtu wa Bumula, anafanya kazi katika ofisi ya kaunti, na hajawahi kukosa neno. "Si uchague tu, bana. Tutarara hapa?"

Nilimwambia kwamba chaguo dogo ndilo linaloandaa mtu kwa chaguo kubwa. Hayo pia aliyasema sista. Mume wangu akachukua fungu la kulia, akalipa, akaondoka.

Wakati huo mama yangu alikuwa anaishi nasi. Oktoba alikuwa ameanguka jikoni kwake Saboti, upande wa Kitale, akiwa ameinama kutoa sufuria mekoni. Kiharusi. Alilazwa Kitale wiki mbili, na alipotoka mguu ulikuwa unaburutika na mkono wa kushoto umekunjika ngumi, vidole vimeingia ndani ya kiganja. Mdogo wangu wa kiume na mke wake, wanaoishi pale shambani, walisema wangemtunza. Mimi nikasema hapana, mama anakuja kwangu. Nina chumba, nina maji ya mfereji, na zahanati ya mazoezi ya viungo iko karibu. Nilisema hayo yote. Sikusema kwamba nilikuwa nimechoka kuamka kila Jumamosi kwenda Saboti kumwona, nikirudi jioni na vumbi mpaka kwenye nyusi.

Mama alikubali kuja kwa sharti moja, kwamba mkebe wake uje naye.

Ulikuwa mkebe wa bati uliowahi kuwa na mafuta ya kupikia, rangi imeshabanduka, na ndani yake kulikuwa na njahi zimechanganywa na jivu ili wadudu wasizile. Watu wa Bungoma hawazijui sana njahi. Ni kama maharagwe, ila ni nyeusi, na kila moja ina mstari mweupe pembeni. Kwetu sisi tuliotoka Kenya ya kati, ni chakula cha mwanamke aliyejifungua. Nilipomzaa kila mmoja wa watoto wangu watatu, mama alifika Bungoma kabla ya siku ya pili kwisha, amebeba njahi zilizopondwa na ndizi, akanisimamia mpaka nimalize. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akichungulia ile sahani nyeusi na kuniuliza kwa sauti ya chini kama ni dawa.

Njahi za mkebe ule zilikuwa na historia yake. Nyanya yangu, mama yake mama, alizileta mbegu zake amezifunga kwenye pindo la leso wakati jamaa walipohama na kununua shamba kwa hisa huku Trans-Nzoia. Alizipanda kando ya jiko, akavuna, akatenga mbegu, akapanda tena. Alipofariki, mama akaendelea. Kila mwaka kipande kile kile cha ardhi kando ya jiko, na kila mwaka mkebe mmoja wa mbegu usioguswa na mtu mwingine. Hizi za mwaka jana alikuwa amezivuna muda mfupi kabla ya kuanguka, kwa mikono yake miwili.

Na mimi nina jina la nyanya huyo. Kwa desturi yetu msichana wa pili hupewa jina la mama yake mama, na ndiyo maana tangu nikiwa mtoto wa kunyonya mama hajawahi kuniita kwa jina langu. Ananiita Maitu, yaani mama yangu. Hata akinichapa nilipokuwa mdogo alikuwa akisema, "Maitu, leo utanijua!" Majirani wa Bungoma walikuwa wakicheka wakimsikia mzee wa miaka sabini na saba akimwita mwanawe mama. Mimi sikuwahi kuona kuna la kucheka. Lilikuwa jina langu.

Basi kila asubuhi, nikimpelekea uji, swali lilikuwa moja.

"Maitu, Kitale kumenyesha?"

"Bado, Mama. Ni Desemba."

"Mvua ya kwanza ikinyesha unipeleke. Nataka kupanda hii kitu yangu mwezi wa tatu."

"Sawa, Mama."

Baada ya uji alikaa kwenye kiti karibu na dirisha, uteo mapajani, mkebe kando. Alimimina njahi kwenye uteo kwa mkono wa kulia. Kisha, kwa ule mkono mbovu wa kushoto, alianza kuziokota moja moja na kuzirudisha mkebeni. Vidole vilikuwa havitii. Njahi moja ingeweza kumchukua muda wa mtu kumaliza kunywa chai. Ikianguka sakafuni aliinama, akaitafuta, akaianza tena. Nilikuwa nikimwacha hivyo nikienda shuleni, nikirudi saa kumi na moja namkuta hivyo. Mikono yake yote miwili ilikuwa na jivu, na kitambaa cha kiti changu pia.

Sikuwahi kumuuliza kwa nini anafanya vile. Hapo ndipo najiona mjinga kabisa. Mimi ni mwalimu, kazi yangu ni kuwauliza watoto kwa nini. Lakini nilikuwa nimetoka mafungoni na jibu tayari. Nilimwona mwanamke aliyekunja ngumi juu ya mbegu. Nilimwona mtu anayehesabu mali yake kutwa nzima, aliyeng'ang'ania shamba ambalo hawezi kulilima tena, na nikamwonea huruma ya kutoka juu. Nilisema moyoni, Mama anahitaji kujifunza kuachilia. Nikaanza hata kumwombea jambo hilo.

Na swali lake la asubuhi lilikuwa linanichosha. Ni lazima niliseme hili vizuri. Daktari wa mazoezi alikuwa amesema mwezi wa kwanza kwamba mama anaendelea kuliko walivyotarajia, na kwamba akienda hivyo hivyo, akaanza kushika vitu, hakuna sababu ya kumzuia kurudi kwake. Nilimshukuru daktari. Njiani nikirudi nilikuwa nahesabu Jumamosi za vumbi zinazonisubiri.

Jumapili ya mavuno kanisani kwetu ilikuwa Januari. Kila nyumba hupeleka kitu mbele ya altare: kuku, mkungu wa ndizi, miwa, mahindi kwa gorogoro, ule mkebe wa kupimia nafaka, mayai kwenye trei. Misa ikiisha vitu vyote hupigwa mnada nje, chini ya hema, na pesa inaingia kanisani. Ni siku ya furaha. Watu hushindana kununua jogoo wa padri na kumrudisha apigwe mnada tena.

Jumamosi ile nilikaa kitandani kuchagua cha kupeleka. Nilinyoosha mikono, viganja juu, kama nilivyofundishwa. Niliwafikiria kuku wangu. Nina kuku sita wa mayai, wekundu, niliowalea tangu vifaranga, na kila mmoja namjua tabia. Nilipowafikiria tu, kifua kikanibana. Kwa kanuni ya sista, pale pale penye kubana ndipo nilipopaswa kusimama na kuangalia vizuri. Sikusimama. Nilipita haraka sana, nikasema kuku ni riziki ya watoto, ingawa watoto wangu wote wameshahama na wanajinunulia mayai yao.

Kisha nikaufikiria mkebe wa mama. Kifua kikatulia. Kikatulia kabisa, hakuna kuegemea huku wala huko, nikipata sawa, nikikosa sawa. Nilikaa katika ule utulivu nikausikia mtamu, nikaamini kwamba ndio ule sista alioueleza, na kwamba Mungu amesema.

Nilitulia kwa sababu njahi hazikuwa zangu. Leo naliona waziwazi mpaka nataka kujificha. Siku ile sikuliona, au niliona kona yake nikageuza uso.

Asubuhi ya Jumapili mama alikuwa bado amelala. Nilibeba mkebe chini ya leso. Mume wangu aliuona tukiwa mlangoni.

"Hiyo si ya mama?"

"Naitoa kwa niaba yake. Ni sadaka yake."

"Amesema?"

Nilivuta leso juu ya mkebe, nikatangulia kutoka. Yeye hakuendelea kuuliza, na amewahi kuniambia baadaye kwamba hilo linamsumbua.

Chini ya hema katekista ndiye aliyekuwa akinadi. Alipofika kwenye njahi aliingiza mkono, akainua chache, jivu likamwagika kwenye suruali yake nyeusi.

"Wakristo, hii ni nini tena? Haragwe imeenda mazishi! Ona, hata iko na nyusi nyeupe ya wazee!"

Watu wakacheka. Nami nilicheka. Mama mmoja mwenye hoteli ndogo sokoni Bumula, aliyekuja kwa dada yake, akazinunua kwa bei ya huruma ili zisibaki. Alimimina kwenye mfuko wake wa plastiki, akanirudishia mkebe. Nikaupokea. Nilifikiria kwamba ni mkebe mzuri, utafaa kuwekea sukari, ile sukari ambayo nilikuwa nimeiachilia.

Nilimkuta mama kwenye kiti chake, uteo uko tayari mapajani. Alikuwa akiangalia pembeni ya kiti, mahali mkebe unapokaa. Nilipiga magoti mbele yake, nikamshika mikono, nikatumia ile sauti ya chini niliyojifunza kwa sista.

"Mama, leo ilikuwa mavuno. Nimetoa zile njahi kwa Mungu. Nimezitoa kwa jina lako."

"Zote?"

"Zote, Mama."

"Hata ile ya kupanda?"

Zote zilikuwa za kupanda, na yeye alijua. Nadhani alikuwa ananipa nafasi ya kusema kuna kiasi nilichoficha mahali.

"Mama, inafaa tujifunze kuachilia. Kushika sana vitu kunatunyima amani."

Sikuona hasira usoni pake, na kama ningeiona ningejua la kufanya. Aliinua uteo kwa mkono wa kulia, akaniwekea mapajani.

"Basi weka hii jikoni," alisema. "Haina kazi."

Mume wangu alinisubiri jikoni. Kwa mara ya kwanza katika miaka yetu yote hakuwa na mzaha.

"Wewe hujaachiria kitu," alisema. "Umeachiria ya mtu mwingine."

Asubuhi ya Jumatatu nilipeleka uji. Nilikuwa nimejiandaa kwa swali, hata nilikuwa nimempigia mdogo wangu simu mapema kumuuliza hali ya hewa, ili nionyeshe kwamba najali. Mama alipokea kikombe.

"Asante, mwalimu," alisema.

Nilidhani nimesikia vibaya. Mwalimu ndivyo wanavyoniita majirani, na mama wa mboga, na mlinzi wa benki. Nilisimama pale nikingoja. Alikunywa uji wake mpaka ukaisha, hakuuliza kuhusu Kitale, na nikaondoka kwenda shuleni. Nilimwambia mwenzangu mmoja ofisini kwamba mama amenyamaza, labda ni uzee. Yeye akasema wazee hubadilika hivyo. Tukayaacha hapo.

Hakunikasirikia. Watu wanadhani nazidisha ninaposema hivyo. Alikula nilichompa, akaenda zahanati nilipomwambia twende, akasali rozari nasi. Kitu kimoja tu ndicho kilichokosekana, kwamba hakutaka tena chochote kutoka kwangu. Na kila aliponihitaji kwa sababu ya mguu, kuinuka au kwenda chooni, alisema, "Mwalimu, nisaidie kidogo," kwa adabu, jinsi angemwambia mtu aliyemkuta kwenye foleni.

Februari tulirudi kwa daktari wa mazoezi, kijana mchangamfu anayewatania wazee na kumwita mama cucu, yaani nyanya kwa lugha yetu. Aliushika mkono wa kushoto wa mama akajaribu kuvifungua vidole. Utani ukamwisha. Alijaribu tena.

"Cucu, huu mkono ulikuwa unafunguka. Mwezi wa kwanza ulinishikia kalamu. Umeacha ile kazi yako?"

"Kazi gani?" niliuliza mimi.

"Si ile ya maharagwe. Ile ya kuokota moja moja. Nilimwambia siku ya kwanza, wewe ukiwa kwa foleni ya kulipa, atafute kitu kidogo cha kuokota kwa huu mkono, hata mawe, akaniambia ati yeye iko na kitu mzuri kuliko mawe. Akasema siku ile atajaza mkebe bila kuangusha hata moja, atajua anaweza kupanda, na ataenda nyumbani." Akamgeukia mama. "Si ndio, cucu?"

Mama alikuwa anaangalia picha ya mifupa iliyobandikwa ukutani.

"Ilikuwa hivyo," alisema.

Sijui nilitokaje katika chumba kile. Najua kwamba nilimwingiza mama kwenye gari, nikamfunga mkanda, kisha nikasimama nyuma ya gari pale uwanjani nikajipiga kofi pajani mpaka pakauma. Ngumi niliyoiona kila siku, ile niliyoiombea ifunguke, ilikuwa ndiyo kazi yenyewe ya kufunguka. Alikuwa anaifungua mbele ya macho yangu, njahi moja baada ya nyingine, na mimi nikamnyang'anya.

Kesho yake, Jumamosi, nilikwenda Bumula. Yule mama wa hoteli alinikaribisha vizuri, akanipa chai, na nilipomwambia nilichofuata akashika kifua.

"Woi, mwarimu! Hiyo kitu irikuwa chungu! Nirichemsha asubuhi mpaka mchana, wateja wakakataa. Kumbe inapikwa namna gani?"

Unamwaga maji ya kwanza, nilimwambia. Yanachemka, unayamwaga, unaweka mengine. Mama aliniambia hivyo nikiwa na miaka minane.

"Basi mimi sikujua. Nirimwagia nguruwe."

Alinionyesha zizi. Nilikwenda nikaliangalia, sijui nilitegemea nini. Nguruwe wawili walikuwa wamelala kwenye tope, wamenenepa. Nilipompigia mdogo wangu simu kuuliza kama kule Saboti kulibaki hata chache, alisema hapana, zilizobaki zilipikwa zikaisha, kwani si mama alibeba mbegu yote? Dada ya mama aliyekuwa akizipanda pia alishafariki na shamba lake likauzwa. Nilimjibu mdogo wangu kwamba nauliza tu.

Kisha nikafanya jambo la pili, ambalo kwangu ni baya kuliko la kwanza, kwa sababu la kwanza nililifanya nikiwa kipofu na hili nililifanya nikiona. Jumamosi iliyofuata nilikwenda sokoni Kitale. Kuna akina mama pale wanaouza nafaka kutoka kwetu Kenya ya kati, na wana njahi. Nilinunua gorogoro mbili. Nyumbani, mama akiwa amelala mchana, nilichota jivu jikoni, nikalichekecha, nikalichanganya na njahi kwa mikono. Nilitoa sukari kwenye mkebe, nikaupangusa, nikazimimina. Alipoamka nikamwekea kando ya kiti.

"Mama, Mungu ni mwema. Nimezipata."

Nilisema hivyo, mbele ya msalaba ulio ukutani.

Aliingiza mkono wa kulia mkebeni. Hakuangalia hata mara moja. Alichukua njahi moja akaizungusha kati ya kidole gumba na cha shahada, akapitisha ukucha kwenye ule mstari mweupe. Akairudisha. Akachukua nyingine.

"Ni njahi nzuri," alisema. "Kubwa. Umefanya vizuri, mwalimu."

Akafunga mkebe.

Nililia pale pale, nikamwambia yote: kuku wangu, mnada, nguruwe, soko la Kitale. Sikupamba. Nilimwambia hata kuhusu zile Jumamosi na vumbi. Mama alinisikiliza, akanipangusa uso kwa ncha ya leso yake kama alivyokuwa akinifanyia utotoni, na akasema nisilie, ni maharagwe tu. Ningelipa chochote asiseme kwamba ni maharagwe tu.

Mvua ilinyesha Saboti wiki ya mwisho ya Machi. Mdogo wangu alipiga simu asubuhi, nyuma yake nasikia watu wakiitana shambani. Wameanza kupanda mahindi, alisema. Kile kipande cha kando ya jiko wamekilima lakini hawajapanda kitu, wanamngoja mwenyewe. Mama atakuja lini?

Nilikwenda chumbani kwa mama na uji. Sasa ni mimi ninayesema bila kuulizwa.

"Mama, Kitale kumenyesha."

"Ni vizuri," alisema. "Watu walikuwa wanangoja."

Nilivuta kigoda nikakaa mbele yake. Kila siku baada ya uji nafanya hivi. Nauchukua ule mkono wa kushoto, naunyoosha kidole kimoja kimoja, polepole, kuanzia kile kidogo, kwa mafuta, jinsi daktari alivyonionyesha. Kiganja kikifunguka naweka njahi moja katikati na kumwomba aishike. Mkono ni mwepesi siku hizi. Hauna nguvu za kukunja wala za kufungua, unakaa unavyowekwa.

"Shika, Mama. Jaribu kidogo tu. Ukishika hii tunaenda Saboti, mimi mwenyewe nakupeleka. Leo hii, nikiacha hata shule."

Aliiangalia njahi iliyokaa kiganjani mwake. Kisha akauinamisha mkono, njahi ikateleza, ikaanguka sakafuni.

"Mimi nimeachilia, mwalimu," alisema, bila ubaya wowote, akinieleza tu. "Si ndivyo mlifundishwa?"

Nilipiga magoti nikaingiza mkono chini ya kiti, nikaanza kuitafuta.